Pedali Iliyofungwa kwa Rangi ya Kucha

Tarehe 3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila mama goti linamsumbua na halitaki kushauriwa, kama yeye mwenyewe. Dada amehamia chumba cha uani na ameshaanza kulalamika kwamba gitaa langu linapita ukutani. Nimemwambia ashukuru, maana kule ukumbini halipiti hata mita mbili. Hilo ndilo lililonikalisha niandike, baada ya kukupigia simu mara nne na wewe kuiacha ilie mpaka ichoke. Una ugomvi gani na simu?

Sikiliza basi. Ile pedali yangu ya ovadraivu, kile kisanduku cha kukanyaga ili gitaa lipate ukali, nikiwa nayo chumbani ni raha tupu. Chini inanguruma, juu inameremeta, naona kama tunapiga watu watatu. Nikipanda nayo jukwaani, besi ikaanza, dramu, kinanda na tarumbeta mbili, napotea kabisa. Napiga solo nzima mpaka vidole vinaniuma, watu wanacheza huku wanamtazama mpiga kinanda. Juzi mama mmoja alinifuata baada ya onyesho akaniuliza kama gitaa langu lilikuwa limechomekwa. Mjomba, karibu nilie mbele yake.

Utasema ni pedali. Mimi nasema ni fundi mitambo wa sauti. Yule bwana anakaa nyuma ya meza yake kule mwisho wa ukumbi, kofia imemfika machoni, na mchana anakula na Mgeni. Mgeni ni mpiga gitaa mpya, kiongozi wetu kamleta mwezi wa kumi na mbili, eti kuongeza nguvu. Gitaa la Mgeni linasikika hadi barabarani, langu linazama. Nipe sababu nyingine ya wawili hao kula meza moja kila siku.

Kiongozi bado ni yuleyule wa enzi zako, na bado tunamwita Bado Kidogo, kwa kuwa hata ukipiga vizuri vipi hilo ndilo neno lake. Ametangaza kwamba onyesho la mchana la tarehe 29 Juni ndilo la mwisho lenye wapiga solo wawili. Baada ya hapo bendi inaingia studio, na solo atakuwa mmoja. Mwingine apige rithim, gitaa la kusindikiza, au atafute pa kwenda. Nimepiga rithim miaka sita, mjomba. Sirudi huko ng'o.

Wewe ulisimama jukwaa hilihili, mahali hapahapa ninaposimama. Niambie nichukue pedali gani.

Mpwa wako.


Tarehe 19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti la mama yako nalijua tangu utoto wetu. Lilikuwa likiuma siku za kufua, na naona mpaka leo halijabadili ratiba. Msalimu. Mimi mzima. Chumba changu cha ufundi kipo, redio zinakuja mojamoja, watu siku hizi kitu kikikohoa kidogo wanakitupa. Kuhusu simu, simu inaharibu mazungumzo. Mtu anasema neno, linapotea hewani. Barua unaisoma mara mbili. Niandikie tu.

Haya. Kwanza usinunue kitu. Pili, chumba chako kinakudanganya. Mle ndani uko peke yako, una nafasi ya kujaza kila pembe, basi unapenda mngurumo wa chini na mng'aro wa juu. Jukwaani kule chini kuna mwenyewe, mpiga besi. Juu nako kuna matoazi ya mpiga dramu. Wakishachukua chao, wewe umebaki na nini? Gitaa linaishi katikati, pale ilipo sauti ya mtu anayezungumza. Hiyo pedali yako haina katikati, naapa bila kuiona, na ndiyo maana ni tamu ukiwa peke yako. Ya jukwaani iwe imejaa katikati, na ukali wake uwe mdogo kuliko unavyotamani. Ukali mwingi unaifanya noti kuwa matope.

Ninazo pedali tatu hapa mezani, nimezijaribu wiki nzima. Nakutumia ya bluu kwa basi la Jumatano. Ina nobu tatu za kuzungusha: ya sauti, ya ukali, na ya toni, inayoamua sauti iwe nzito au nyembamba. Zote nimeziweka mwenyewe kwa sikio langu, kisha nimezigandisha kwa rangi ya kucha nyekundu. Binti wa dukani aliniuliza namnunulia nani, nikamwambia mpwa wangu, akanitazama kwa jicho la ahaa. Usizibandue. Wanamuziki nawajua. Unaenda kunywa maji, mtu anapita, anazungusha kidogo tu, unarudi mambo yamekwenda mrama na hujui kwa nini. Rangi ikipasuka, ujue umeingiliwa.

Huyo fundi mitambo katokea bendi gani? Chunguza. Usimpe kisogo. Na Bado Kidogo usimwambie kwamba pedali imetoka kwangu.

Mjomba wako.


Tarehe 15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mzigo ulifika salama, kondakta aliukabidhi kwa mkono. Mama anasema goti halihusiani na kufua na kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukijificha siku hizo. Anauliza pia kwa nini hupokei simu yake. Nimempa maneno yako kuhusu hewani. Amesema, "Huyu ana jambo."

Sasa nikupe habari, na usikasirike. Tumepiga nayo maonyesho mawili. Kusikika, nimesikika. Hilo halina ubishi. Lakini kwenye onyesho la kwanza mpiga tarumbeta aligeuka akanitazama kama nimemkanyaga. La pili, mzee mmoja aliyekaa mbele alitia vidole masikioni kila nilipokanyaga, na mtoto aliyekuwa amepakatwa alianza kulia. Bado Kidogo akaniita pembeni. "Unatoboa," akasema. Hakusema hata bado kidogo. Unatoboa, basi, akaondoka.

Nilijua ni kazi ya fundi mitambo. Kwa hiyo nilimtega. Wakati wa majaribio ya sauti nilipita mezani kwake kama namsalimu, nikachora kialama cha penseli kwenye mitambo yake, pale nobu ya gitaa langu ilipokuwa imesimama. Baada ya onyesho nikarudi kumsalimu tena. Nobu iko palepale kwenye alama. Hakuigusa. Au aliigusa akairudisha, mtu mwenye kofia ya namna ile humwezi.

Rangi yako ya kucha nimeikagua kwa tochi. Haijapasuka. Sasa mimi nimechanganyikiwa. Mgeni anapiga na kipedali chakavu, kimebanduka rangi, hata jina lake halisomeki, na watu wanamsikia bila kuziba masikio. Kiko hivyohivyo kama cha kuokota!

Ile ya bluu ilikuwaje ulipoijaribu wewe? Niambie ukweli.

Mpwa wako.


Tarehe 6 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa wiki mbili mezani kwa sababu ilinikera. Mimi mzima.

Unauliza ilikuwaje. Ilikuwa tamu! Laini, yenye adabu. Kwa kweli mwanzoni ilikuwa imefifia kule juu, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, nikaongeza toni kidogo, nikaongeza tena, mpaka ikachangamka. Nimepiga gitaa miaka ishirini na tisa. Leo mzee wa viti vya mbele na mtoto wa kupakatwa ndio wananifundisha sauti?

Tafuta mchawi wako kwingine. Nyuzi zako umenunua wapi? Nyuzi rahisi zinapiga kelele. Waya wako je? Amplifaya unaiweka wapi, isije ikawa inakuelekea magotini na watu wa mbele wanaipata usoni? Na je, hujamwazima mtu pedali? Sema kweli, maana nakufahamu, ukiombwa kitu kwa maneno mazuri unatoa.

Hata hivyo nakutumia nyingine, nyeusi. Hii nimeijaribu siku nne. Nobu nimezipaka rangi mara mbili, na skrubu za chini nimezijaza nta ya mshumaa, ili hata akiifungua fundi wa majini ajulikane.

Huku kwangu nako watu wamekosa haya. Mteja amenirudishia redio, anasema tangu nimeitengeneza inapiga mluzi. Nimeiwasha asubuhi nzima nikaisikiliza. Haipigi mluzi wowote. Ni wa pili huyo mwezi huu, na mimi naanza kumshuku yule fundi mpya wa ng'ambo ya barabara, kwamba anawapa watu maneno. Dunia imejaa hila, mpwa wangu. Kaa chonjo.

Mjomba wako.


Tarehe 28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo.

Nimepiga na ile nyeusi mara moja. Mara moja tu, kwa sababu katikati ya wimbo wa tatu Bado Kidogo alinyanyua mkono akanikatisha mbele ya ukumbi mzima. Jumapili mbili zilizofuata nimepiga rithim. Mgeni solo. Nilisimama nyuma karibu na dramu nikiwa na tabasamu la kubandika.

Baada ya aibu ile fundi mitambo alinifuata. Akaiokota pedali, akamulika, akaikwangua rangi kwa ukucha. Nikamzuia. Akasema, "Dada, nobu hii ya toni imepandishwa mpaka mwisho kabisa. Hata mbu hawezi kuvumilia. Aliyekuwekea hivi, ama anakuchukia ama hasikii."

Nimelala na maneno hayo siku tisa. Masikio yako nayajua. Nilipokuwa mdogo ulikuwa chumba cha pili unasoma gazeti na unaniambia uzi wa tatu umelegea. Basi limebaki lile lingine.

Nikamtafuta yule mzee wa saksafoni aliyestaafu. Nikamuuliza uliondokaje kwenye bendi. Alipiga chenga sana, mwishowe akasema mligombana, wewe na Bado Kidogo, ukakunja waya wako mchana kweupe katikati ya onyesho na hukurudi tena. Miaka kumi na moja. Na mimi umekuwa ukiniambia ulichoka kusafiri!

Kwa hiyo nakuuliza wazi, mjomba, na Mungu anisamehe. Unanitumia pedali au unanitumia sumu? Hutaki mtu wa nyumba yetu asimame pale ulipoondoka kwa hasira? Ungeniambia tu. Ningekuelewa kuliko hivi, unanifungia mlango kwa rangi ya kucha huku unaniita mpwa wangu.

Mimi.


Tarehe 21 Mei

Mjomba,

Wiki tatu zimepita na hujajibu. Mama alifunga safari kuja kwako wiki iliyopita, goti na yote. Amerudi jana. Nimemuuliza umesema nini, hajibu. Nimemuuliza kama umekasirika, hajibu. Ameketi jikoni ameshika tama, na kila nikipita ananiambia neno moja tu, "Mwandikie mjomba wako vizuri."

Nakuandikia vizuri. Shikamoo. Kuna nini?


Tarehe 30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeianza barua hii mara sita.

Fundi mitambo wako alisema mambo mawili. Ulichagua lisilo kweli.

Sikio la kushoto halifanyi kazi. La kulia linasikia mpaka katikati, kuanzia hapo kwenda juu hakuna kitu. Ndege sijawasikia miaka mingi. Watu wakizungumza napata mvumo, maneno nayamalizia kwa kuwatazama midomo. Simu haina midomo. Ulipokuwa ukinipigia nilikuwa naiona inacheza mezani, nami naiangalia tu mpaka itulie.

Nilisimama miaka kumi na minane mbele ya matoazi, mpwa wangu, upande wa kushoto. Tulikuwa tunacheka, tukitoka masikio yanalia, tunasema ndiyo raha ya kazi. Siku moja mchana Bado Kidogo alikuwa akiniita kutoka nyuma yangu tubadilishe wimbo. Aliniita mara tatu. Mimi naendelea, bendi nzima imenyamaza. Tulitoka nje nikamwambia ukweli, yeye peke yake. Nikamwomba tuwaambie watu tumegombana. Fundi wa redio asiyesikia nani atampa redio? Akakubali. Miaka kumi na moja watu wanamsema kwamba alinifukuza kwa wivu, na hajafungua kinywa. Ndiyo maana sikutaka ajue pedali imetoka kwangu. Angejua mara moja.

Mama yako alipokuja nilikuwa nalehemu, nimeupa mlango mgongo. Anasema redio ya yule mteja ilikuwa mezani inapiga mluzi wa kupasua kichwa, na mimi nimekaa nayo kimya, nimetulia. Akaniita. Akaniita tena. Mwisho akaja akachomoa waya, ndipo nikashtuka. Alilia, halafu akanitukana, halafu akaniteremshia mapazia yote akayafua. Nilimwapisha asikwambie. Nilitaka kusema mwenyewe, na nimeogopa mpaka leo. Naona aibu. Sikukwambia kwa sababu wewe ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa bado ananiuliza jambo la sauti, na nilitaka uendelee kuniuliza.

Pedali zile zilikuwa nzuri. Nilizipiga hapa nikasikia juu pamefifia, nikaongeza, nikaongeza, kumbe aliyefifia ni mimi. Kisha nikazifunga ili asizirekebishe mtu. Nimekupotezea miezi minne, na nimekurudisha rithim. Nisamehe.

Sasa nisikilize mara ya mwisho, kwa sababu niliyokwambia kuhusu katikati ni kweli. Chukua wembe, bandua ile rangi. Usiichague pedali chumbani tena, wala kwa sikio langu, wala hata kwa lako, kwa sababu wewe uko karibu mno nayo. Ipeleke ukumbini, bendi yote ikipiga. Tafuta mtu mwenye masikio asimame kule ukutani mwisho, akwambie anachopata. Na mwenye masikio hapo kwenu ni yule mwenye kofia. Najua tulimshuku wote wawili. Nenda ukampigie magoti ikibidi.

Mjomba wako.


Tarehe 14 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako nimeisoma uani ili dada asinione. Mimi ndiye wa kuomba msamaha. Nimekuita mwenye chuki. Nimeandika neno sumu kwa mkono wangu mwenyewe. Mama anasema tusameheane, kila mtu ana lake.

Nilienda kwa fundi mitambo. Nimemkuta anakula, nikakaa bila kukaribishwa. Kabla sijasema kitu akaniuliza, "Wewe ndiye unayenichorea penseli kwenye mitambo yangu?" Mjomba, nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe miezi yote hiyo naye ananishuku, anadhani nataka kumharibia kazi. Nikamuuliza, basi kwa nini kila siku unakula na Mgeni? Akasema, "Kwa sababu ndiye pekee anayenisalimu bila kunichunguza. Nyinyi wengine mnanipita kama nguzo." Tena siku yake ya kwanza tu Mgeni alishuka jukwaani, akampa mtu gitaa apige, akaenda kusimama ukutani kusikiliza, ndipo akarudi kuweka pedali yake. Hiyo ndiyo njama yao. Hakuna nyingine.

Nikamwambia habari zako, si zote. Akavua kofia. Ana upara, maskini.

Tulibandua rangi kwa wembe, ile pedali ya bluu. Siku ya mazoezi yeye kule ukutani, mimi jukwaani, bendi inapiga. Akishusha mkono nashusha toni. Akishusha tena nashusha, mpaka ikapita nusu. Ukali alinipunguzia mpaka nikataka kugoma. Kisha akanipandishia sauti, ili nikikanyaga nizidi kidogo kuliko nisipokanyaga. Nikiipiga peke yake, mjomba, inasikika kama mtu mwenye mafua. Chumbani nisingeitazama mara mbili. Lakini besi na matoazi vilipoingia, gitaa likasimama katikati yao, halijamsukuma mtu, na nikalisikia linanirudia kutoka ukuta wa mwisho. Nimepiga miaka yote hiyo, sijawahi kulisikia likirudi.

Bado Kidogo aliniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia. Akafuta miwani, akasema nirudi kupiga solo, zamu moja mimi, moja Mgeni, mpaka siku ya siku. Usifikiri nimemaliza kushuku, Mgeni ni hatari kwelikweli, na uamuzi ni wa tarehe 29.

Njoo. Mama ameshakutandikia. Njoo usimame hata kwa nyuma.

Mpwa wako.


Tarehe 22 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Msamaha wako umefika na nimeupokea, na wewe pokea wangu, tuache hapo.

Sitakuja. Usiniombe tena. Nitafanya nini pale? Nitatazama vidole vyako na kujidanganya kwamba nasikia, na mtu wa zamani atanishika bega kwa nyuma aniongeleshe, nami nitaitikia ovyo. Nina redio mbili za kurudisha kwa wenyewe, nimeamua kuwaambia ukweli.

Piga vizuri. Usiangalie pedali ukiikanyaga, inaonyesha hofu.

Mjomba wako.


Tarehe 30 Juni

Mpwa wangu,

Nakuandikia nikiwa stendi, basi linaondoka saa tatu. Usimlaumu mama yako, hakujua. Nilikudanganya. Jana nilikuwepo.

Nilikata tiketi kama mtu yeyote, nikaingia wakati watu wameshaanza kucheza, nikajibanza kule mwisho kando ya nguzo. Kuhusu uamuzi, Bado Kidogo alisema nini kwenye maikrofoni sikuambulia hata neno. Lakini nilimwona Mgeni akikupa mkono, akachukua lile gitaa la rithim, akasogea nyuma karibu na dramu. Nawe ukabaki katikati, umeziba mdomo kwa kiganja. Hongera, mwanangu. Hongera sana. Nilitoka upesi kwa sababu sikutaka watu wanione nilivyokuwa.

Ila kuna jambo jingine, na hili sijamwambia mtu.

Mwanzoni sikupata chochote, mpwa wangu. Besi tumboni, dramu kifuani, basi. Mgeni alipiga solo yake nikamwona tu. Halafu ukaja wewe, ukakanyaga, na nikasikia gitaa.

Sikuamini. Unanijua, mimi simwamini mtu, nitajiamini mimi mwenyewe? Nikasema, wee mzee, unaona vidole vyake unajitungia muziki kichwani. Basi nikageuka. Nikakupa mgongo, nikaweka paji la uso ukutani, nikafumba macho. Watu walinidhania nimelewa.

Bado lilikuwepo. Lilikuwa dogo, limefifia, linapita palepale katikati ambapo mimi bado nina kitu. Nikalifuata noti kwa noti. Nilikusikia ukipanda, ukasita, nikasema sasa atarudia, ukarudia. Ukashuka taratibu. Nikajiambia, noti moja zaidi, kisha anamaliza. Ikaja moja. Nikageuka haraka nikutazame.

Ulikuwa ndiyo kwanza unainua mkono kutoka kwenye nyuzi.

Mjomba wako.